Uliza Fundi: Hesabu swichi zako kwanza, bodi utanunua baadaye

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, tena kwa kupitia, kwamba jioni nikishafunga banda langu hapa Kirumba naingia chumba cha uani kuendelea na kokpiti yangu ya plaiwudi, yani chumba cha rubani cha kuchezea gemu. Dah! Simu haijatulia toka siku hiyo, kumbe Kanda ya Ziwa nzima watu wanajifungia ndani wanarusha ndege za kompyuta na hamsemi. Basi redio na tivii za watu zitasubiri kidogo, toleo hili tunaongelea bodi za kokpiti tu. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, aliyeona lake halipo ajue lipo ndani ya la mwenzake.

Shikamoo fundi. Mi nasoma chuo mwaka wa pili, nimejenga kokpiti ya Cessna 172 kwa plaiwudi, paneli nishaanza kuitoboa. Kompyuta ninayo, jostiki ya kawaida ya dukani ninayo, gemu ni Microsoft Flight Simulator 2020. Kilichonichanganya ni bodi ya kuunganisha swichi. Mmoja ananiambia Arduino Mega, mwingine anasema ile BU0836X ya Leo Bodnar ya Uingereza, mwingine eti nijichange ninunue paneli zilizotengenezwa tayari. Hela niliyonayo ni ya kitu kimoja. Nichukue ipi? – Msomaji, Nyegezi

Marahaba kijana, na hongera kwa kutoboa kabla ya kununua, maana wengi wanaanza kinyume, bodi inafika kwa basi toka Dar afu ndo mtu anakaa kitako kujiuliza aiunganishe na nini.

Tuelewane kwanza bodi inafanya kazi gani. Bodi ni konda. Swichi zako ni abiria, gemu ni dereva. Abiria anasema "shusha", konda anapiga bati, dereva anasimama, wale wawili hawaongei kabisa, kila kitu kinapita kwa konda. Sasa makonda hawafanani. BU0836X ni konda anayepeleka habari mbele tu, dereva akisema kitu hakurudishii, yani haiwashi taa na haiandiki namba za redio. Ila kwa kusikia ana masikio makali: ina nafasi 8 za vitu vinavyosogea taratibu kama usukani, throto na pedali (wacheza gemu wanaziita eksisi), ina vitufe 32, waya unauchomeka bila kuchoma risasi, na kompyuta inaiona kama jostiki papo hapo. Mega ni konda wa pande mbili, anasikia abiria na anawatangazia, kwahiyo taa zinawaka na tarakimu zinasomeka, ila lazima umwekee programu ya kumfundisha njia. Programu hiyo ipo ya bure inaitwa MobiFlight, inaongea na gemu yako na ile nyingine ya X-Plane pia, na huandiki kodi hata mstari mmoja, unachagua tu pini namba fulani ni swichi, ile ni taa, basi.

Sasa chukua daftari. Usiniulize bodi ipi kabla hujahesabu, tuhesabu wote hapa. Safu ya swichi za chini: betri, alteneta, pampu ya mafuta, bikoni, taa ya kutulia, taa ya teksi, taa za mabawa, strobu, joto la pitoti (kile kibomba cha kupimia mwendo wa ndege), na avioniki mbili (za kuwashia redio na wenzake). Hizo 11. Ufunguo wa injini una vituo 5, flapsi vituo 4, breki ya kuegesha 1. Jumla 21. Njoo kwenye redio, hapa ndo watu wanapopigwa chenga. Kile kinobu cha kubadili masafa sio volyumu, ni enkoda, kinazunguka bila mwisho, na kila enkoda inakula pini 2, halafu redio ya ndege inatumia kinobu juu ya kinobu kwahiyo ni pini 4 kwa kimoja. Ukiweka COM (redio za kuongea) na NAV (za kuonyesha njia) mbilimbili una vinobu pacha vinne, pini 16, pamoja na vitufe 4 vya kubadilishana masafa. Tumefika 41. Vinobu vya kawaida vinne (mshale wa mwelekeo, OBS mbili za kuchagua njia ya NAV, na kurekebisha altimita) pini 8, tumefika 49. Otopailoti vitufe kama 10 na kinobu pacha kimoja, 14. Jumla 63!

Mega ina pini 54 za dijitali na 16 za analogi, na zile za analogi unaweza kuzitumia kama swichi za kawaida. Ni 70. Toa pini 0 na 1 ambazo bodi yenyewe inazitumia kuongea na kompyuta kupitia USB, zinabaki 68. Ukiongeza tarakimu za redio kwa aisii (chipu) ya MAX7219, ambayo kwa pini 3 tu inawasha tarakimu 8, umefika 66. Umebakiwa na pini 2. Yani Cessna nzima imeingia kwenye Mega moja ikabaki nafasi ya abiria wawili wasimame mlangoni.

Kwa hiyo jibu langu, na sitaki tuzunguke: chukua Mega. Jostiki unayo, ikubebee usukani na throto kwa sasa. BU0836X ije baadaye siku ukijenga usukani na pedali zako mwenyewe, maana hapo ndo inapolipa. Hesabu zake ni hizi. Usukani unafungwa kwenye volyumu, ndo inaiambia bodi umefika wapi, na Mega inagawa mzunguko wa volyumu kwenye hatua 1,024. Volyumu ya kawaida inazunguka kama digrii 300, ila usukani wako wa plaiwudi utaizungusha labda digrii 60, moja ya tano tu, kwahiyo unabaki na hatua kama 200 toka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Utaiona ndege inakwenda kwa kudonoa donoa kama kuku. BU0836X inagawa hatua 4,096, kwa digrii zilezile 60 unapata kama 800, ndege inalainika. Na volyumu ukinunua soma mgongoni, iandikwe B10K, ukikuta A hiyo ni ya sauti ya redio, mwendo wake haulingani, katikati inaruka.

Kuhusu paneli za tayari: nzuri sana, sina ugomvi nazo, ila zikifa huku kwetu unafanyaje? Mega ikifa asubuhi mchana nimekubadilishia, bodi za kuiga zipo hata mjini kwa wanaouzia wanafunzi wa vyuo. Wenye mfuko mrefu na paneli kubwa ya Boeing wapo pia, wao waangalie PoKeys57E ya Slovenia, ina pini 55 na inapita kwenye waya wa netiweki badala ya USB, au kadi za OpenCockpits za Hispania. We kwa Cessna moja usiende huko.

Kitu kimoja kabla sijakuacha. Najua utashawishika kubana matumizi ufanye mikscha (kile cha kupanga mafuta na hewa vinavyoingia kwenye injini) iwe swichi ya kuwasha na kuzima. Usifanye hivyo. Uwanja wetu wa Mwanza uko kama futi 3,760 juu ya bahari, na kitabu cha Cessna 172 kinataka ukiruka kwenye uwanja wa juu ya futi 3,000 upunguze mikscha mpaka injini izunguke kwa nguvu zake zote. Watu wa Dar wataruka na mikscha imesukumwa mpaka mwisho hawana habari, sisi wa ziwani tunahitaji kuivuta kidogo kidogo. Iweke volyumu yake.

Fundi mambo vipi, mi sikutaka gharama, nimetumia Pro Micro moja, ile bodi ndogo, nikasuka swichi kwa matriksi 6 kwa 6, yani safu 6 zinakatiza mistari 6, nyaya 12 kwa swichi 36. Inafanya kazi ila kuna jini! Nikiwasha Betri, Alteneta na Pampu, ghafla joto la pitoti linajiwasha lenyewe wakati swichi yake sijaigusa. Nikizima moja wapo linazima. Nimebadilisha swichi mara mbili bado. – Msomaji, Igoma

Poa kabisa. Hamna jini, umesahau dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme njia moja tu.

Chora mstatili kwenye karatasi, kwenye kila kona weka swichi. Ukiwasha kona tatu, umeme unapita kona ya kwanza, unarudi kinyumenyume kwenye ya pili, unatokea ya tatu, na bodi ikisoma inaona kona ya nne nayo kama imewaka. Kwenye kibodi ya kompyuta hiyo shida huisikii sana kwa sababu kidole unakiinua. Kokpiti ni tofauti, swichi zinabaki ON safari nzima, tatu au nne kwa mpigo, kwahiyo kwetu matriksi bila dayodi haifai hata siku moja.

Dawa ni dayodi moja kwa kila swichi, 36 zote, namba 1N4148, zote zielekee upande mmoja. Kama huna hela ya dukani njoo na redio mbovu, ni zile ndogo za kioo za rangi ya chungwa zenye mstari mweusi, kwenye redio moja unapata kadhaa, mi nimejaza kopo la Blue Band. Ukishafunga ukakuta hakuna swichi hata moja inayosoma usilie, umezigeuza tu, badilisha safu na mistari kwenye programu kabla hujaanza kuzichomoa. Afu usizipake joto la solda sekunde kumi, gusa, risasi ikiyeyuka toa mkono.

Habari ya kazi fundi, niko Bukoba. Vinobu vyangu vya masafa vinanitia aibu. Nazungusha tik moja namba zinaruka mbili, kingine mpaka nizungushe tik mbili ndo namba moja isogee, na kuna kimoja kikijisikia kinarudi nyuma. Bodi ni Mega. Nimeambiwa Mega ni feki. – Msomaji, Bukoba

Njema tu. Mega haina kosa hapo, iache.

Enkoda ndani ina miguso miwili, tuiite A na B, inayopishana kidogo, bodi inaangalia nani kagusa kwanza ndo inajua unakwenda kulia au kushoto. Kuna enkoda ambazo kwa kila tik zinamaliza mzunguko mzima wa A na B, na kuna ambazo tik moja ni nusu ya mzunguko. Hicho ndo kinachokufanya uruke mbili au usisogee. MobiFlight kwenye mpangilio wa enkoda ina sehemu ya kuchagua aina, jaribu moja moja mpaka tik moja iwe namba moja, haitakuchukua dakika tano. Umechanganya enkoda za maduka mawili nadhani, ndo maana kila moja ina tabia zake.

Ile inayorudi nyuma ni habari nyingine, hiyo ni miguso michafu. Weka kapasita ndogo ya nanofaradi 10 toka A kwenda graundi na nyingine toka B kwenda graundi, inatuliza ule mtetemo. Ikikataa, fungua upulizie dawa ya kusafishia miguso. Sisi tunaokaa karibu na maji tuna unyevu na vumbi vyote pamoja, na usiku ukifungua dirisha na skrini inawaka wale wadudu wadogo wa ziwani wanaingia kwa maelfu, mi nimewahi kufungua kinobu nikakuta mmoja kakaushwa kati ya miguso kabisa, kokpiti nzima imesimamishwa na mdudu asiyefika hata milimita kumi.

Na kwa sababu nimetaja unyevu: mnaotumia swichi za gari na bajaji toka maduka ya spea, zinapendeza na zina mlio mzuri, ila zimetengenezwa kupitisha ampea 10 na zaidi. Pini ya Arduino inapitisha chini ya robo ya miliampea. Kutu kidogo tu kwenye mguso, ambako umeme wa gari ungeichoma ikaisha, kwetu inabaki na swichi inakuwa na mawenge. Ongeza rezista ya kilo-omu 1 toka pini kwenda volti 5, hapo swichi inapata miliampea 5 na inakuwa na adabu.

Bwana fundi, mi sio mcheza gemu, mi ni mzazi. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita, kutwa yuko chumbani anachomelea nyaya, kuna harufu, kuna sanduku la bati lenye matundu linatoa upepo, taa zinawaka usiku kucha. Naogopa kuunguliwa nyumba. Nimkataze? – Mama, Pasiansi

Shikamoo mama. Usimkataze, ila nenda naye chumbani na hili gazeti mkononi mkague vitu viwili.

Bodi zenyewe ni volti 5, zinakula umeme wa waya wa simu, hazimuui mtu. Hatari ni hilo sanduku la bati. Hiyo ni sapulai ya volti 12 ya kuwashia taa za nyuma ya paneli, na upande mmoja ina skrubu zilizo wazi ambazo zinapokea umeme wa TANESCO, volti 230, wazi kabisa kidole kinafika. Mwambie azifunike, aweke fyuzi, afunge waya wa ethi, na sanduku lisikae juu ya godoro wala nyuma ya pazia. Au bora zaidi anunue adapta iliyofungwa ya volti 12 kama za dikoda, hilo sanduku aliuze. Cha pili dirisha liwe wazi anapochoma, ule moshi sio mzuri kifuani, na aini ya solda aichomoe kabla ya kutoka chumbani hata kama anaenda kula tu.

Kijana mwenyewe naye asome hapa. Hizo volti 12 zisikutane na bodi. Mi mwaka juzi, na ufundi wangu wote huu, nilikuwa navuta waya mwekundu wa taa za nyuma kwenda upande wa pili wa paneli, sapulai sijazima kwa sababu nilikuwa nataka kuona kama taa ya mwisho inawaka, ncha ya waya ikateleza ikagusa pini ya volti 5 ya Mega. Hata cheche sikuona. Nikasikia tu "tik", halafu harufu ile ya kapasita ambayo fundi yeyote anaijua, nikaweka kidole juu ya aisii kubwa ya katikati nikakitoa mbio. Mega ilikwenda, na poti ya USB ya laptopu ikaondoka nayo, mpaka leo laptopu ile ina tundu moja limekufa. Taa za volti 12 ziwashwe kupitia mosfeti kama IRLZ44N au aisii ya ULN2803, pini ya bodi inatoa amri tu, na graundi ya sapulai iungane na graundi ya bodi, graundi peke yake, nyekundu na nyekundu hazisalimiani.

Na taa za usiku kucha mama, hizo ni uzembe tu, mgombeze, LUKU unanunua wewe.

Fundi, nataka geji za mishale ya ukweli, sio picha kwenye skrini. Kuna mtu anauza mota ndogo X27.168 anasema inafaa geji zote. Kweli? – Msomaji, Musoma

Sio zote. X27.168 ni mota za dashibodi za magari, tamu sana, zinakula umeme kidogo kiasi kwamba pini za Arduino zinaziendesha moja kwa moja, nne kwa mota moja. Lakini zina ukuta ndani, zinazunguka digrii 315 zinagota. Kwa mwendo wa ndege, mzunguko wa injini, mafuta, joto la oili, mpe hela yake nunua. Altimita na kompasi hapana, mishale ile inazunguka mara nyingi bila kugota, hapo utumie mota kama 28BYJ-48 na bodi yake ndogo ya ULN2003, na uweke kisensa cha kuiambia sifuri iko wapi, la sivyo kila ukiwasha kompyuta altimita inaanza na namba yake ya kichwani.

Binafsi kwa geji sita za katikati nilishindwa na uvumilivu. Nimeweka monita ya zamani nyuma ya plaiwudi, nimetoboa matundu sita, na programu ya Air Manager inachora mishale. Mtu akikaa kwenye kiti haoni tofauti, mpaka achungulie pembeni. Nimebakiza mishale ya ukweli kwenye geji za mafuta tu, kwa raha zangu.

Mkuu habari. Mega tatu, MAX7219 nne, vyote kwenye habu moja ya USB niliyonunua stendi. Nikiwasha swichi ya avioniki tu, redio zote zikiwaka, kompyuta inalia vitu vyote vinakatika afu vinarudi. Niko Nansio, Ukerewe. Ni umeme wetu wa kisiwani? – Msomaji, Ukerewe

Nzuri mkuu. Kisiwa msikisingizie, ni habu.

Poti ya USB 2.0 inatakiwa kutoa miliampea 500, na habu isiyo na adapta yake inagawana hizohizo 500 na kila kilichochomekwa. MAX7219 moja ikiwasha tarakimu zote 8 kwa mwanga wa juu inaweza kula hadi miliampea 330 hivi. We unazo nne, hesabu mwenyewe, na hapo Mega tatu hatujazigusa. Avioniki ikiwaka ni sawa na abiria wote wa daladala kushuka mlango mmoja kwa mpigo. Punguza mwanga wa tarakimu kwenye MobiFlight leo leo ili ufurahie wikiendi, afu tafuta habu yenye adapta ya ukutani, au bora zaidi uzipe MAX7219 sapulai yao ya volti 5 na graundi uiunganishe na za Mega. Na kwenye Windows ingia mipangilio ya nguvu uzime ile ya kulaza USB ili kuokoa umeme, ina tabia ya kulaza bodi katikati ya safari ndefu.

Ya harakaharaka. Aliyeuliza kutoka Butimba kama Uno ya shuleni inatosha: ina pini 14 na za analogi 6, jenga nayo otopailoti ujifunze, paneli nzima haitoshi. Wa Geita mwenye Raspberry Pi Pico: nzuri na bei rahisi, MobiFlight inaikubali, ila ni ya volti 3.3, ukiipelekea 5 kwenye pini umeiua. Wa Magu ambaye kompyuta haioni Mega ya kuiga: weka dereva (programu ya kuitambulisha kwa kompyuta) ya CH340, hiyo ndo chipu yake ya USB. Na wewe dada wa Buzuruga ambaye Pro Micro yako inawaka taa ila kompyuta haiioni, umebadilisha bodi mbili unataka kununua ya tatu, usinunue! Badilisha waya. Nyaya nyingi za simu zinazotandazwa pale Makoroboi ni za chaji tu, ndani zina nyuzi mbili badala ya nne, bodi inapata umeme na haina mdomo wa kuongea. Chukua waya uliowahi kuhamishia picha toka kwenye simu, ujaribu huo.

Fundi na wewe ya kwako imeisha lini? Mbona hutuwekei picha? – Wengi

Haijaisha. Jana usiku nimeruka Bukoba nikaja kutua Mwanza kutokea upande wa ziwani, redio zinasoma, taa zinawaka, mikscha nimeivuta vizuri, nimefika chini nataka kushusha flapsi nikapapasa tundu tupu kwenye plaiwudi. Swichi ya flapsi ipo mezani hapa bandani toka Pasaka, nyaya zake nne nimeshazikata kwa kipimo, nasubiri mwenye redio ya bluu aje kuichukua niweze kupata nafasi ya kuichomea.